Kutoka Barua ya Msafara hadi Fomu ya Hitilafu: Historia ya Mpangilio wa Nafasi za Kujaza, kwa Kuanzia Tabora

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mpangilio wa nafasi za kujaza katika nyaraka zinazotumika kutoa taarifa ya jambo lililoharibika, lililopotea au lisilokwenda sawa. Uchunguzi unaanzia Tabora ya njia ya misafara katika karne ya 19, unapita katika hati za uhuru za utawala wa Wajerumani, kisha unafika kwenye programu za kufuatilia hitilafu za kompyuta na fomu za taarifa za afya zinazojazwa nchini Tanzania leo. Hoja kuu ni kwamba mpangilio wa fomu si pambo. Ni uamuzi kuhusu nani abebe kazi ya kuyageuza matukio kuwa kumbukumbu: yule aliyeyashuhudia, au yule anayezipokea habari zake. Makala yanaonesha kwamba fomu inayofuata mahitaji ya ofisi peke yake hupokea majibu yaliyojazwa ili tu ukurasa upite, na kwamba hasara ya majibu hayo huwaangukia watu ambao hawakushiriki kuipanga fomu hiyo.

1.0 Utangulizi

Gongoni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, mji uliokua katika makutano ya njia za misafara. Njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na nchi zilizo ng'ambo yake. Na ya tatu ilirudi mashariki hadi Bagamoyo na pwani. Mkazi wa kata hiyo leo hukutana na fomu mara nyingi: anapompeleka mtoto kliniki, anaposajili laini ya simu, anapohesabiwa katika sensa. Katika kila fomu kuna nafasi ambazo lazima zijazwe, nafasi zinazoweza kuachwa wazi, na mambo ambayo hayakupewa nafasi yoyote.

Wataalamu wa kompyuta hulijadili suala hili chini ya mada ya urahisi wa matumizi. Huuliza swali lipi litangulie, maelezo ya nafasi yakae juu yake au kando yake, na nafasi ngapi zifanywe za lazima. Mjadala huo umekwenda mbali zaidi katika programu za kufuatilia hitilafu, yaani mifumo ambamo mtumiaji huandika kasoro aliyoiona katika programu fulani ili watengenezaji waishughulikie. Hata hivyo, mjadala huo mara nyingi huendeshwa kana kwamba ulizaliwa pamoja na kompyuta. Makala haya yanauweka katika historia ndefu zaidi, na yanaichagua Tabora kwa kuwa ni mahali ambapo umbali ulifanya utoaji wa taarifa kuwa jambo zito muda mrefu kabla ya kompyuta.

2.0 Barua ya msafara: nafasi bila mistari

Richard Burton alipofika Kazeh, katika eneo la Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, alikuwa amesafiri zaidi ya siku 130 tangu alipoondoka pwani mwezi Juni. Mtu aliyetaka kuwaarifu wenzake wa Unguja kwamba mzigo umepotea njiani alipaswa kuzingatia kipimo hicho cha muda. Endapo barua yake ingekosa jambo moja la lazima, kama vile idadi ya mizigo au jina la kiongozi wa msafara, swali la kuuliza jambo hilo lingechukua miezi kumfikia, na jibu lingechukua miezi mingine kurudi.

Barua za Kiswahili za zama hizo ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na zilikuwa na mpangilio unaotambulika. Baadhi ya nyaraka za aina hiyo zilichapishwa na Carl Büttner mwaka 1892. Kwanza hutajwa anayeandikiwa, pamoja na heshima zake. Hufuata salamu na kujuliana hali. Kisha huja maneno yanayofungua mlango wa habari yenyewe, ya namna ya "ama baada" au "baada ya salamu". Hapo ndipo mwandishi hueleza lililomsukuma kuandika. Mwisho huja salamu za kufunga, jina la mwandishi na tarehe. Msomaji aliyezoea barua hizo aliweza kuipitisha macho karatasi na kujua mahali pa kuitafuta habari, ingawa hapakuwa na mstari wala kisanduku kilichochorwa.

Mpangilio huu una sifa mbili zinazohusu mada ya makala haya. Kwanza, nafasi za mwanzo na za mwisho ni rahisi kujaza, kwa kuwa kila mtu anajua anamwandikia nani na yeye ni nani. Pili, sehemu ya katikati haikugawanywa. Mwandishi aliyapanga matukio kama yalivyotokea: tuliondoka siku fulani, tukafika mahali fulani, wapagazi wakatoroka usiku, asubuhi tukahesabu mizigo tukaona imepungua. Mzigo wa kuyachambua maelezo hayo ulikuwa wa mpokeaji.

Udhaifu wa utaratibu huo nao unaonekana katika historia ya Tabora. Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umetolewa Unguja ukakwama hapo, huku mwenyewe akiwa magharibi ya ziwa. Livingstone mwenyewe alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871 alikuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, na malalamiko yake yakalazimika kuirudia njia ile ile ndefu. Barua zilikuwa na maelezo ya kutosha. Kilichokosekana ni namna ya kujua kwa wakati wowote kwamba jambo fulani limepokelewa, liko mikononi mwa nani, na limefikia wapi. Hitaji hilo la kufuatilia ndilo lililokuja kuzaa nafasi nyingi za fomu za baadaye.

3.0 Hati ya uhuru: fomu inayotangulia mtu

Utawala wa Wajerumani ulileta Tabora aina nyingine ya maandishi. Bendera ya Ujerumani ilipandishwa mjini mwaka 1890, na baada ya kushindwa kwa Mtemi Isike mwezi Januari 1893 boma la Tabora likawa kituo kikubwa cha utawala wa magharibi. Miongoni mwa nyaraka zilizotolewa na maboma ya koloni hilo ni hati za uhuru, ambazo watumwa walipewa kuthibitisha kwamba wameachwa huru. Hadi mwishoni mwa utawala huo, makumi ya maelfu ya hati za namna hiyo yalikuwa yametolewa katika koloni zima.

Katika taarifa ambazo utawala ulizipeleka Berlin, hati hizo ziliainishwa kwa kufuata njia ya kupata uhuru: waliokombolewa kwa fedha, walioachwa na mabwana wao kwa hiari, na walioachwa kwa uamuzi wa serikali. Mgawanyo huo ulijibu swali la ofisi. Serikali iliyokataa kuupiga marufuku utumwa kwa mara moja ilihitaji kuonesha kwamba utumwa unapungua kwa taratibu za kisheria. Amri ya tarehe 24 Desemba 1904, iliyotangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, ilikuwa na mantiki hiyo hiyo ya kwenda polepole.

Swali la mwanamke aliyesimama mbele ya karani lilikuwa tofauti. Habari yake ilianza alikochukuliwa, ikapita kwa mikono iliyomuuza na kumnunua, ikafika katika nyumba aliyokuwa akiitumikia. Habari hiyo ndefu haikuwa na safu katika jedwali. Tena, watu wengi hawakupita bomani kabisa. Waliondoka tu kwa mabwana zao, wakaenda kutafuta kazi ya upagazi au mashamba, au wakajadiliana upya masharti ya kuishi kwao. Uhuru wao haukuwa na hati, na kwa hiyo haukuhesabiwa katika orodha hizo. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922, lakini mwanahistoria anayetegemea majedwali ya hati peke yake hawezi kueleza jinsi utumwa ulivyomalizika Unyamwezi.

Funzo la kipindi hiki ni kwamba safu za jedwali hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hurahisisha kuhesabu, na papo hapo huamua kipi kitahesabika. Barua ya msafara ilimwachia mpokeaji kazi ya kuchambua. Hati ya uhuru ilikwisha kuchambua kabla mtu hajafungua kinywa.

4.0 Programu za kufuatilia hitilafu

Katika Kiingereza, hitilafu ya programu huitwa kwa jina la mdudu, na mojawapo ya kumbukumbu mashuhuri za somo hili inahusu mdudu halisi. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika saa, 15:45, namba ya swichi, 70, na alama ya paneli, F. Daftari hilo halikuwa na fomu ya hitilafu, lakini taarifa yenyewe ilikamilika: wakati, mahali, kilichoonekana na ushahidi. Ni mpangilio ambao mwandishi wa barua ya msafara angeutambua.

Miaka 45 baadaye hali ilikuwa imebadilika. Programu zilikuwa zikitumiwa na watu wasiofahamiana na watengenezaji, na taarifa zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa kuzisoma moja moja. Mfumo wa GNATS, uliotolewa mwaka 1992, ulipokea hitilafu kwa barua pepe iliyojazwa kwa kufuata kiolezo. Kiolezo hicho kilianza na nafasi za utambulisho: aliyetuma, taasisi yake, iwapo habari ni ya siri. Zikafuata nafasi za uainishaji: muhtasari, ukali wa hitilafu, kipaumbele, kundi, aina, toleo la programu na mazingira ya mashine. Baada ya hizo zote ndipo ilipokuja nafasi ya maelezo, ikifuatwa na namna ya kuirudia hitilafu na tiba inayopendekezwa.

Mpangilio huo ni wa barua na wa hati kwa wakati mmoja. Unatanguliza mwandishi na kuchelewesha habari kama barua, lakini kati ya salamu na habari umeingiza majedwali ya ofisi. Mtoa taarifa anatakiwa kupima ukali wa hitilafu kabla hajaieleza. Anatakiwa pia kutofautisha ukali na kipaumbele, mambo mawili ambayo katika akili yake ni kitu kimoja. Ukali ni kiasi cha madhara. Kipaumbele ni zamu ambayo hitilafu itashughulikiwa. La kwanza mtumiaji anaweza kulisema kwa kuwa yeye ndiye aliyedhurika. La pili ni la watengenezaji, wanaojua kazi nyingine zinazosubiri.

Bugzilla, iliyoanzishwa na Terry Weissman ndani ya kampuni ya Netscape na kutolewa kwa umma mwaka 1998, iliuhamishia utaratibu huo katika ukurasa wa intaneti. Visanduku vya kuchagua vilipunguza makosa ya tahajia, lakini viliongeza shinikizo la kuchagua. Mtu asiyejua kipengele cha programu kilichoharibika alilazimika kuchagua kimojawapo. Mradi wa Mozilla, uliotumia mfumo huo, uliwatengenezea wageni fomu ya kuongozwa hatua kwa hatua: kwanza tafuta kama hitilafu imekwisha kuripotiwa, kisha eleza ulichofanya, kilichotokea, na ulichotarajia kitokee. Mwaka 2009 Bugzilla yenyewe ilianza kuficha nafasi nyingi za fomu yake hadi mtumiaji aombe kuziona.

Sababu ya mageuzi hayo ilithibitishwa na utafiti wa Nicolas Bettenburg na wenzake uliochapishwa mwaka 2008. Utafiti huo ulikusanya majibu 466 kutoka kwa watengenezaji na watoa taarifa wa miradi ya Apache, Eclipse na Mozilla. Watengenezaji walisema kwamba kilichowasaidia zaidi ni hatua za kuirudia hitilafu, pamoja na kumbukumbu ambazo programu hutoa inapoanguka na mifano ya kuijaribu. Watoa taarifa walisema kwamba hayo hayo ndiyo magumu zaidi kwao kuyatoa. Kwa maneno mengine, sehemu ya thamani kubwa kuliko zote ni simulizi yenye mfuatano, nayo ndiyo inayomhitaji mtoa taarifa akiwa bado na subira na kumbukumbu. Fomu inayoanza na visanduku kumi vya uainishaji humfikisha kwenye simulizi akiwa amechoka.

Elimu ya fomu kwa jumla imeongeza kanuni nyingine: nafasi zipangwe katika safu moja inayosomeka kutoka juu kwenda chini, maelezo ya nafasi yakae juu yake, mahali ambapo jicho linayapata bila kuhangaika, na maswali yanayohusiana yakae pamoja. Kanuni hizi ni za kweli, lakini zinapotajwa peke yake huficha swali la msingi. Fomu inaweza kuwa na safu moja nadhifu na bado ikamuuliza mtu kazi isiyokuwa yake.

5.0 Daftari na skrini katika zahanati

Nchini Tanzania, watu wanaolijua zaidi tatizo hili huenda si watengenezaji wa programu bali wahudumu wa afya. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, ulienea nchini katika miaka ya 1990. Unatumia vitabu vyenye namba: wagonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu cha 5, wajawazito katika Kitabu cha 6, na watoto katika Kitabu cha 7. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 taarifa za muhtasari za vituo zilikuwa zikiingizwa nchi nzima katika programu ya DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa hapa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika kitabu, mstari mmoja ni mtu mmoja, na watu hufuatana kama walivyofika. Katika taarifa ya mwezi, mstari ni ugonjwa, na safu ni umri na jinsi. Kati ya kurasa hizo mbili yupo mhudumu, ambaye baada ya kuhudumia foleni huketi kuyageuza mafuatano ya watu kuwa majumlisho ya ofisi. Kazi yake inafanana kabisa na ya yule anayepokea hitilafu na kuzipanga, ila yeye huifanya kabla ya kutuma wala si baada ya kupokea.

DHIS2 inatambua kwamba mpangilio wa skrini unaweza kuipunguza au kuiongeza kazi hiyo. Ina aina tatu za fomu za kuingizia takwimu. Ya kwanza hupangwa na programu yenyewe kama orodha. Ya pili hugawanya orodha hiyo katika sehemu zenye vichwa. Ya tatu huchorwa na msimamizi wa mfumo, na mara nyingi huchorwa ili ifanane na karatasi ambayo tayari inajulikana. Aina hiyo ya tatu ni ya gharama zaidi kuitunza, kwa sababu kila karatasi inapobadilika nayo lazima ibadilishwe. Hata hivyo faida yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kunakili namba kutoka kitabuni. Jicho likishuka mstari mmoja kwenye karatasi, kidole nacho kishuke kisanduku kimoja kwenye skrini. Mpangilio ukitofautiana, namba ya malaria inaweza kuingia katika kisanduku cha kuhara, na hakuna alama nyekundu itakayotokea, kwa kuwa namba zote mbili ni halali. Kosa hilo halionekani kwenye skrini. Huja kuonekana rafuni, dawa zinapoagizwa kwa takwimu zisizo za kweli.

Linabaki tatizo la hitilafu za programu yenyewe. Mhudumu anapoona jumla haiendi, hueleza kwa Kiswahili, kwa simu au ana kwa ana, kwa mfuatano: nilifungua fomu ya mwezi wa tatu, nikajaza, nikahifadhi, niliporudi nikakuta namba hazipo. Maelezo hayo yana karibu kila kitu ambacho utafiti wa mwaka 2008 ulisema kinahitajika. Lakini ili yaingie katika mfumo wa kufuatilia hitilafu wa mradi wa kimataifa, lazima mtu ayatafsiri kwa Kiingereza, ayapunguze yawe kichwa cha habari kifupi, na kuyachagulia toleo, kipengele na ukali. Kila hatua kati ya hizo ina uwezekano wa kupoteza neno lililokuwa ufunguo. Kiswahili hakikukosa uwezo wa kuingia katika programu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lakini kutafsiri majina ya nafasi ni jambo moja, na kuzipanga nafasi zifuate mwendo wa msemaji ni jambo jingine.

6.0 Mjadala na hitimisho

Mifano iliyojadiliwa haifuatani kama ngazi ya maendeleo. Barua ya msafara haikuwa fomu duni iliyosubiri kuboreshwa. Ilibeba simulizi kamili, ila haikuweza kufuatiliwa. Hati ya uhuru iliweza kuhesabiwa na kufuatiliwa, ila iliacha nje simulizi na watu waliojikomboa kwa miguu yao. Programu za kufuatilia hitilafu zilizirithi pande zote mbili, na historia yake tangu mwaka 1992 ni historia ya kuirudisha simulizi polepole mahali pa mbele.

Kutokana na hayo, mpangilio unaofaa kwa fomu ya hitilafu katika mazingira ya Kiswahili unaweza kuelezwa kwa ufupi. Fomu ianze na yale ambayo mtoa taarifa anayo tayari: ilikuwa lini, ulikuwa unafanya nini, nini kilitokea, ulitarajia nini. Hatua ziandikwe kwa mfuatano wake, katika nafasi pana isiyokatwakatwa. Toleo la programu na aina ya kifaa vichukuliwe na mashine yenyewe inapowezekana. Ukali uulizwe kwa lugha ya madhara, kama vile "kazi imesimama" au "kazi inaendelea kwa shida". Kipaumbele, kipengele na uainishaji mwingine viachwe kwa mpokeaji. Na kila nafasi ya lazima iwe na jibu la kweli la "sijui", kwa sababu mtu aliyenyimwa jibu hilo hulazimika kubuni.

Pendekezo hili lina gharama. Linampa mpokeaji kazi kubwa zaidi, na panapokuwa na taarifa maelfu, kazi hiyo ni ya kweli. Makala haya hayadai kwamba gharama hiyo inaweza kukwepwa. Yanaonesha kwamba haijawahi kukwepwa: katika boma la Tabora ililipwa na watu ambao habari zao hazikuandikwa, na katika zahanati hulipwa na mhudumu anayebaki na vitabu baada ya wagonjwa kuondoka. Kwa hiyo anayepanga fomu aanze kwa kuuliza nani ataibeba kazi ya kuchambua, na kama mtu huyo ana muda, lugha na ujuzi wa kuibeba. Akiisha kulijibu swali hilo, ndipo aamue nafasi ipi ikae juu na ipi ikae chini.